Mangi, Genge, Soko au Supamaketi: Nani Anatupimia kwa Haki?

Mgeni akihamia Sinza, kabla hajamaliza kushusha godoro na masufuria kwenye kirikuu, tayari ameshauliza: "Jamani, Mangi wa karibu yuko wapi?" Maji na umeme atayaulizia baadaye. Akishamjua Mangi, atatafuta genge la mboga, kisha bucha. Baada ya hapo anaanza kuwasikiliza majirani: mchele huchukuliwa soko gani, supamaketi ipi ina maziwa yasiyochacha. Hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mwenyeji wa Dar es Salaam.

Mimi napikia familia ya watu saba, na fedha ya matumizi hupitia mkononi mwangu. Kwa muda mrefu nimenunua kwa Mangi, kwenye genge, sokoni na supamaketi, kwa zamu na kwa sababu tofauti. Kwa ajili ya makala hii niliwauliza pia majirani, wenzangu kazini na kinamama wa kikoba chetu: duka gani unalipenda, na unalipendea nini? Wengi walianza kwa kutaja bei. Lakini nilipowaacha waendelee kuzungumza, walifika kwenye jambo lilelile ninaloliamini mimi. Mteja harudi kwenye duka kwa sababu ya bei peke yake. Anarudi kwa muuzaji anayempimia kwa haki.

Kwa Mangi: dirisha la mtaa

Duka la Mangi mnalijua. Dirisha lina nondo, ndani kuna balbu moja inayowaka mchana na usiku, unga na mchele vipo kwenye mifuko iliyofunguliwa mdomo, na mche wa sabuni umekatwa vipande. Mwenye duka anaweza kuwa Mchaga wa Rombo au Marangu, anaweza kuwa Mpemba, Mkinga au Msukuma. Mtaani wote tunawaita Mangi. Anafungua alfajiri watoto wakienda shule, anafunga usiku watu wakijiandaa kulala.

Simama hapo jioni usikilize. Mtoto anafika, shilingi zimefumbatwa kiganjani.

"Shikamoo Mangi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kasema mafuta ya elfu moja, sukari robo na kiberiti. Na kasema uandike."

Mangi anapima, anafunga, anafungua daftari lenye jalada gumu na kuandika. Mangi wetu ana tabia moja inayonifanya nimheshimu sana: hatangazi deni la mtu mbele ya wateja. Likizidi, hukunja kikaratasi chenye hesabu, akamkabidhi mtoto pamoja na chenji, naye mama akakisome nyumbani kwake bila aibu. Jirani yangu, mjane anayeuza maandazi, aliniambia kwamba watoto wake hawajawahi kulala njaa mtaani hapa kwa sababu ya lile daftari. Hakutaja bei hata mara moja.

Sifa ya kwanza ya Mangi, basi, ni kwamba anakuuzia kwa kiasi cha pesa uliyonayo leo. Yai moja, kitunguu kimoja, kipande cha sabuni, majani ya chai ya kupikia sufuria moja. Fundi ujenzi au dereva wa bodaboda anayelipwa kwa siku hawezi kununua mafuta ya lita tano, hata kama anajua kwamba kwa hesabu ya lita ni nafuu. Sifa ya pili ni mkopo. Ya tatu ni kwamba dirisha hilohilo siku hizi ni la kutoa na kuweka pesa: tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, Mangi wengi wamekuwa mawakala, na namba ya kulipia imebandikwa ukutani pembeni ya vocha.

Lakini tuseme ukweli, huduma hiyo ina gharama yake. Mangi ananunua sukari kwa mfuko wa kilo 50. Anaigawa robo robo, nyingine inamwagika, vifungashio ananunua, na yapo madeni ambayo hayatalipwa kamwe. Gharama hizo zote zinaingia kwenye ile robo. Tuseme kilo nzima ni shilingi 3,200 na robo ni 900. Ukinunua robo nne umelipa 3,600, yaani umezidisha shilingi 400. Kwa familia inayomaliza kilo moja kwa wiki, kwa mwaka ni shilingi 20,800. Simlaumu Mangi kwa hilo, maana kazi yake inastahili malipo. Ninachosema ni kwamba mwenye uwezo wa kununua kilo asinunue robo kwa mazoea tu.

Tulikotoka

Sisi tuliokua miaka ya themanini mwanzoni tuna sababu ya ziada ya kuyaheshimu maduka haya. Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Kisha ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na bidhaa zikatoweka. Mijini tulikuwa na maduka ya kaya. Unasimama kwenye foleni ya sukari, foleni inageuka kuwa ya sabuni, na zamu yako ikifika vyote vimekwisha. Kinamama walifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa njano, wa mahindi ya msaada, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa rangi yake.

Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kulangua na kuficha bidhaa, na watu wakaogopa hata kuonekana na katoni ya sabuni. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa tena, na madirisha yenye nondo yakachipuka kila mtaa. Kijana wa leo anayechagua kati ya aina nne za dawa ya meno ajue kwamba wazazi wake walifurahi kupata moja.

Genge: mboga inayochaguliwa kwa jicho

Genge ni meza ya mbao, mwavuli au bati juu, na nyuma yake mama ambaye tangu saa tisa au saa kumi za usiku alishakwenda sokoni kufuata nyanya. Hapa vitu havipimwi kwa mizani, vinapangwa mafungu. Fungu la nyanya, fungu la bamia, fungu la mchicha. Wapo wanaokukunia nazi papo hapo kwa mashine, wakakukatia sukuma wiki, au wakakuuzia kisamvu kilichotwangwa na kufungwa tayari.

Mama wa genge ninayenunua kwake ana swali moja ambalo supamaketi hawajawahi kuniuliza. Nikigusa parachichi ananiuliza, "La leo au la keshokutwa, dada?" Nikisema la keshokutwa, anayabonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, moja baada ya jingine, na linalobakia gumu ndilo analonipa. Kwa nyanya ni hivyohivyo. Za mchuzi ananichagulia zilizoiva kabisa, laini, ambazo zitayeyuka kwenye sufuria, tena kwa bei ndogo. Za kachumbari ananipa ngumu zenye ngozi inayong'aa. Huo ni ujuzi, na tunaupata bure pamoja na fungu.

Halafu kuna nyongeza. Ukishalipa, mkono wake unarudi mezani na kuchukua pilipili mbuzi, au kitunguu kidogo, na kukitupia kwenye kikapu. Mteja asiyepewa nyongeza anajua kuna jambo.

Kasoro ya genge ni kwamba fungu halina uzito unaojulikana. Nyanya zikipanda bei, bei ya fungu haibadiliki. Fungu la nyanya tano linakuwa la nne, kisha la tatu. Mteja anayetazama bei tu hatajua kitu, ila anayehesabu nyanya atajua. Kwa hiyo hesabu nyanya.

Sokoni: bei ya jumla na macho manne

Mwisho wa mwezi, wengi wetu tunakwenda sokoni. Dar es Salaam ina masoko yenye sifa zake, na mwenyeji huyatumia kwa kuchagua. Nafaka watu huzifuata Tandale. Ndizi ziko Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Matunda ya jumla, machungwa na mananasi, yapo Temeke Stereo. Kuku wa kienyeji wapo Shekilango. Samaki mbichi ni Feri, kwenye soko lililojengwa kwa msaada wa Japani kando ya kivuko cha Kigamboni, ambako asubuhi wachuuzi hugombea samaki kwa mnada. Kisutu, lililojengwa upya kuwa la ghorofa, linapendwa na wanaotafuta viungo, kuku na mboga zilizochambuliwa vizuri.

Na Kariakoo ni Kariakoo. Jengo lake kuu lilichorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Mapaa yake ya zege, yaliyosimama kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, yaliwekwa kwa makusudi ili kupitisha hewa na kuleta kivuli. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, na wafanyabiashara wengi wakalazimika kuhamia kwingine. Hata hivyo biashara ya mitaa inayolizunguka haikusimama.

Sokoni ndiko unakokutana na nchi nzima. Vitunguu vya Singida na vya Mang'ola, viazi mbatata vya Njombe, karoti na kabichi za Lushoto, maharage ya Mbeya, dagaa wa Kigoma na wa Mwanza. Mchele ndio unaohitaji utulivu zaidi. Wauzaji wengi watakwambia wao wanauza wa Kyela, kwa sababu mchele wa Kyela una harufu na jina. Usinunue jina. Chota kiganjani, pulizia pumzi ya moto, nusa. Mimina kutoka kiganja kimoja kwenda kingine uone chenga na vijiwe. Tafuna punje mbili tatu. Muulize umevunwa lini, kwa sababu mchele mpya hunywa maji kidogo, na ukiupikia maji ya mchele wa zamani utakula bokoboko. Maharage nayo usiyachukue yaliyokaa sana ghalani, yatakumalizia gesi kabla hayajaiva.

Wanaopenda soko wanapenda uhuru huo wa kushika, kunusa, kuonja na kupatana bei. Mwenzangu mmoja kazini anasema supamaketi humchosha kwa sababu hakuna wa kubishana naye. Lakini soko lina taabu zake: foleni ya daladala, tope la masika, vibaka, na wapo wauzaji ambao juu ya ndoo wanapanga viazi vikubwa na chini wanaweka vidogo. Ndiyo maana sokoni tunakwenda wawili, mmoja anapatana na mwingine anatazama.

Supamaketi: bei iliyobandikwa

Supamaketi za kigeni zimekuja na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake hapa mwaka 2015. Nakumatt yenyewe, iliyokuwa imeanzia Moshi mwaka 2011, ilielemewa na madeni kwao na kutoweka hapa nchini. Waliobaki na kuendelea ni wenyeji, kama Shoppers na Village Supermarket, pamoja na supamaketi ndogondogo ambazo sasa ziko karibu kila barabara kubwa ya mtaa. Wanunuzi wa jiji hili wana sehemu nyingine za kwenda. Duka kubwa likiwa na rafu tupu wiki mbili, mteja anarudi kwa Mangi bila kuaga.

Wanaozipenda wana hoja nzito. Bei imebandikwa, tajiri na maskini wanalipa sawa, na hakuna anayekutazama viatu kabla ya kukutajia bei. Maziwa, siagi, nyama na samaki vimekaa kwenye baridi. Tarehe ya mwisho wa matumizi unaweza kuisoma kwa nafasi yako, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) vilevile. Unapewa risiti, kwa hiyo ukikuta bidhaa imeharibika una cha kuonyesha. Binti mmoja anayefanya kazi Posta na kutoka saa mbili usiku aliniambia kwamba kwake usalama ni sehemu ya bei. Anaegesha penye taa, ananunua, anaondoka. Mama mwenye mtoto anayetumia kiti cha magurudumu naye alinieleza kwamba supamaketi ni mahali pekee anapoweza kwenda na mwanawe na kumwachia achague biskuti yake mwenyewe. Nilikuwa sijalifikiria hilo, na sasa siwezi kulisahau. Masoko yetu yanapaswa kujengwa yakimfikiria mtoto huyo.

Wanachokosa wateja wa supamaketi ni kile wanachokipata kwa Mangi na kwenye genge. Hutauziwa kitunguu kimoja usiku ukiwa umebakiza mia mbili. Hutakopeshwa. Na mboga za majani zilizolala kwenye baridi siku mbili hazina ladha ya mchicha uliovunwa bondeni asubuhi ya leo.

Jambo linalotuunganisha: mizani

Sasa narudi kwenye kipimo, kwa sababu hapo ndipo duka zuri na duka baya huachana, liwe la dirisha au la kiyoyozi. Ndani ya Kurani kuna sura nzima iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo, na kitabu cha Mithali kwenye Biblia kinailaani mizani ya udanganyifu. Watu wa pwani waliopima kwa pishi na vibaba, vinne kwa pishi moja, walijua vizuri kwamba kibaba chenye kitako kilichobonyezwa ndani ni wizi.

Leo tuna Wakala wa Vipimo, taasisi ya serikali inayofanya kazi tangu 2002. Kila mizani ya biashara inatakiwa kuhakikiwa mara moja kwa mwaka na kubandikwa stika. Ndoo na visado vinavyotumika sokoni si vipimo halali, maana ndoo mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana ujazo. Gunia la mazao nalo halitakiwi kuzidi kilo 100. Ule mtindo wa kushonea kilemba juu ya gunia, tunaouita lumbesa, unampunja mkulima, anayelipwa gunia moja huku akiwa ametoa zaidi ya gunia.

Nilishapimiwa nyama mahali ambapo mshale wa mizani ulikuwa umeanza juu ya sifuri kabla nyama haijawekwa. Ukipunjwa gramu 50 katika kila kilo inaonekana ni kidogo. Katika kilo 100 za vyakula ambazo familia yangu inamaliza kwa muda mfupi tu, ni kilo tano zimepotea. Fedha hiyo ingenunua daftari za shule.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyafanya, nawe unaweza kuyafuata. Kabla chochote hakijawekwa kwenye mizani, tazama kama mshale uko kwenye sifuri au kioo kinasoma sifuri. Tafuta stika ya mwaka huu. Linganisha bei kwa kilo au kwa lita, si kwa pakiti, kwa sababu pakiti mbili za urefu mmoja zinaweza kubeba gramu tofauti. Soma tarehe, hata kwa Mangi, hasa kwenye maziwa ya kopo na vyakula vya watoto. Beba kikapu chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mfuko mbadala unaonunua kila siku nao ni gharama.

Ninavyogawa pesa yangu

Ukiniuliza mshindi ni nani, nitakujibu kwa kikapu changu. Mchele, maharage, unga na vitunguu nanunua sokoni mara moja kwa mwezi, tukichanga na jirani ili tupate bei ya jumla. Mboga, nyanya na matunda ni genge, kila siku, kwa sababu jicho la yule mama linazidi friji yoyote. Siagi, jibini, maziwa na samaki wa kugandishwa ni supamaketi yenye jenereta inayofanya kazi. Sukari, chumvi, sabuni, mafuta na dharura zote ni Mangi. Na kama ningelazimishwa kubaki na mmoja tu, ningebaki na Mangi, kwa sababu yeye ndiye anayeuza hata kwa mtu asiye na kitu leo.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo: hakikisheni mizani yenu imehakikiwa na muiweke mahali mteja anaweza kuisoma. Hakuna tangazo la biashara linalozidi hilo. Na kwetu sisi wanunuzi, haki inakwenda pande zote mbili. Waswahili walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe unayesoma hapa, kama jina lako limo kwenye daftari la Mangi, lipa wiki hii. Pesa hiyo ndiyo atakayomkopeshea jirani yako aliyekwama.